Vumbi la makumbi kwenye ndoo: namwagilia kila siku, mbona majani yanaungua?

"Assalam aleikum mtaalamu. Nakaa Unguja mjini, ghorofa ya pili, na nimepanda nyanya na pilipili hoho kwenye ndoo nane za rangi za lita 20 hapa roshani. Sikutumia udongo. Shangazi yangu wa Jambiani anasokota kamba za makumbi, akanipa magunia ya lile vumbi linalobaki wakishapiga makumbi. Nilisikia kwamba hilo ndilo kokopiti linalouzwa madukani. Kila asubuhi nampa kila mche kopo la nusu lita la maji ya kisima, na kila wiki ya pili naweka konzi moja ya NPK 17:17:17, ile mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Chini ya kila ndoo nimetega sahani ili maji yasimdondokee jirani wa chini. Mwanzo mimea ilisuasua, kisha ikakua. Sasa ncha na kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto, majani ya chini yana umanjano katikati ya mishipa, nyanya zinatoka na kitako cheusi, na hoho ndizo zilizodhoofika zaidi. Juu ya vumbi kumetanda ukoko mweupe. Mmoja kaniambia nazamisha mizizi, nipunguze maji. Mwengine kasema ni ukungu, nipige dawa. Wa tatu kasema mimea ina njaa, niongeze mbolea. Nimfuate nani?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kwa sasa usimfuate hata mmoja. Ukipunguza maji utaikausha mimea iliyokwisha kuwa na kiu. Dawa ya ukungu haitaona cha kuua. Na konzi nyengine ya mbolea, kwa hali ilivyo, inaweza kuimaliza mimea ndani ya wiki.

Maelezo yako yamekamilika kiasi kwamba jibu limo ndani yake mwenyewe. Ukoko mweupe ni chumvi. Majani yanayoungua kuanzia ncha na kingo ni dalili ya chumvi, kwa sababu huko ndiko safari ya maji ndani ya jani inakoishia, maji yakapaa hewani na chumvi ikabaki. Hoho kutangulia kudhoofika kabla ya nyanya ni ushahidi mwengine, maana hoho ina uvumilivu mdogo wa chumvi kuliko nyanya. Kitako cheusi nacho kinatuambia kwamba kalsiamu haifiki kwenye tunda. Mambo haya mawili, chumvi kuzidi na kalsiamu kukosekana, ndiyo maradhi makubwa ya mimea inayokuzwa kwenye vumbi la makumbi, na kwako yamekutana.

Tuanzie Jambiani. Unajua vizuri kuliko mimi makumbi yanavyotengenezwa: yanafukiwa pwani, mahali ambapo maji yakijaa yanayafunika, yanagandamizwa kwa mawe, yanakaa miezi mpaka yalainike. Kisha yanafukuliwa na kupigwa mpaka usumba uachane na vumbi. Usumba unakuwa kamba, vumbi linabaki chini. Sasa fikiria vumbi hilo lilikuwa likinywa nini miezi yote hiyo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na vumbi la makumbi ni kama sponji, linaweza kubeba maji mara saba au nane ya uzito wake likiwa kavu. Kwa hiyo, ndiyo, ni kitu kilekile kinachouzwa madukani, ila cha dukani, kikiwa cha mtengenezaji makini, kimeoshwa na kutayarishwa. Chako kimetoka baharini moja kwa moja. Shangazi hana kosa lolote. Vumbi lake ni zuri, linataka kazi kabla ya kupandwa.

Hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea miaka yangu ya mwanzo kitaluni. Nililiosha vumbi kwa maji matupu mara tatu nne, maji yakatoka meupe, nikaridhika. Miche ya hoho ikatoka na majani ya juu yaliyojikunja na kupauka. Sikuelewa kwa nini, kwani chumvi si nimeosha?

Chukua mfano wa daladala. Kila chembe ya vumbi la makumbi ina viti, na kwenye viti hivyo hukaa virutubisho na madini. Vumbi linapotoka kwenye nazi, viti vingi vimekwisha kukaliwa na potasiamu, ambayo ni ya asili ya kumbi lenyewe, na sodiamu, hasa kama limelowekwa baharini. Maji matupu yanawashusha abiria waliosimama tu, ile chumvi iliyoyeyuka na kuzagaa. Walioketi hawaondoki. Halafu unapanda, unaleta mbolea yenye kalsiamu na magnesiamu. Hawa wana nguvu ya kushika mara mbili ya wale, kwa hiyo wanawainua walioketi na kukaa wao. Matokeo yake ni kwamba kalsiamu uliyoinunua kwa ajili ya mmea imekaa kwenye vumbi, na sodiamu na potasiamu iliyoinuliwa imemwagwa kwenye mizizi, ambako ikizidi inazuia hata ile kalsiamu na magnesiamu kidogo iliyobaki isiingie. Ndiyo maana majani yako ya chini yana umanjano katikati ya mishipa: mmea umekosa magnesiamu, unaivua kwenye majani makongwe na kuipeleka juu. Na ndiyo maana tunda linaoza kitako.

Dawa yake ni kuwainua hao abiria kabla ya kupanda, kwa makusudi. Unaosha kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara tatu au nne, kila mara ukiacha yachuruzike. Kisha unaloweka kwenye kalsiamu nitreti, gramu 30 hadi 40 katika kila lita 10 za maji, usiku kucha. Asubuhi unamwaga maji yale yenye sodiamu na potasiamu, unasuuza mara moja, basi. Ukinunua matofali ya kokopiti dukani, muulize muuzaji kama yameoshwa tu au yameoshwa na kutiwa kalsiamu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na asipojua kukujibu, fanya mwenyewe.

Kama unataka kujipima bila kifaa, chukua maharage. Mharage ni mwepesi sana kudhurika na chumvi. Panda mbegu tano kwenye vumbi uliloliosha na tano kwenye udongo wa kawaida, uyaangalie majani mawili ya kwanza. Ya kwenye vumbi yakitoka na kingo zilizoungua na ya kwenye udongo yakiwa salama, rudi ukaoshe tena.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa pana dhana ambayo imezoeleka kwa wengi: kwamba maji kidogo kila siku ni salama kuliko maji mengi. Kwenye vumbi la makumbi hiyo ndiyo njia ya kutengeneza chumvi. Umeona wavuna chumvi wa Pemba wanavyofanya? Wanaingiza maji bwawani, jua linayachukua, chumvi inabaki, wanaingiza mengine. Kopo lako la nusu lita linafanya hivyohivyo ndani ya ndoo. Mmea unakunywa maji, jua na upepo wa roshani vinachukua mengine, hakuna tone linalotoka chini, na chumvi ya kisima pamoja na ya mbolea inabaki palepale. Kesho inaongezeka. Ukikata embe bichi na kulipaka chumvi, baada ya muda sahani inajaa maji yaliyovutwa kutoka ndani ya embe. Chumvi iliyozidi kuzunguka mizizi huzuia maji kuingia kwa namna hiyohiyo, na ikizidi sana huyavuta yatoke. Mmea wako umesimama kwenye vumbi bichi na bado una kiu.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kila unapomwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi hadi moja kati ya tano ya uliyomimina. Umemimina lita mbili, chini itoke robo lita hivi au zaidi kidogo. Yale yanayotoka yanabeba chumvi ya jana. Mnyanya mkubwa wenye matunda, kwenye jua la kaskazi, unaweza kunywa lita moja mpaka tatu kwa siku, kwa hiyo nusu lita ilikuwa ikiutosha ulipokuwa mdogo tu.

Je, hautazama? Kwenye udongo wa mfinyanzi ungezama. Vumbi la makumbi lina sifa nzuri mno, kwamba hata likishiba maji linabakiza nafasi ya hewa, mradi ndoo ina matundu. Kagua ndoo zako leo. Nataka matundu manane mpaka kumi yenye upana wa kidole kidogo, mengine chini na mengine ubavuni karibu kabisa na kitako. Na zile sahani ziondoe kwenye kazi zinayofanya sasa. Maji yakituama sahanini, ndoo inayanywa tena kwa chini, pamoja na chumvi ileile uliyokusudia kuitoa. Inua kila ndoo juu ya vipande vya tofali ndani ya sahani, maji yakishachuruzika yamimine kwenye kidumu. Jirani atabaki mkavu. Maji hayo kamwagie mnazi ulio karibu, una uvumilivu wa chumvi kuliko miti mingi ya matunda.

Usiamini rangi ya juu. Uso wa vumbi hukauka na kupauka ndani ya saa chache huku katikati pakiwa pamelowa, na wengine wakiona hivyo humwagilia mara tano kwa siku, tone tone, mpaka vijidudu vidogo vyeusi vinaanza kuruka juu ya ndoo. Chomeka vidole viwili, chota vumbi la ndani, ulikamue. Maji yakichungulia kati ya vidole, subiri. Likijishika kama donge bila kutoa tone, ndio wakati wake. Likimwagika kama unga, umechelewa, na kuchelewa huku kuna gharama, kwa sababu vumbi likikauka chumvi iliyomo inakolea maradufu kwenye unyevu uliobaki. Baada ya wiki moja hutahitaji tena kuchota, utaiinamisha ndoo kwa kushika ukingo na mkono utakuambia kwa uzito.

Mbolea. Vumbi la makumbi halina chakula cha maana zaidi ya ile potasiamu. Naitrojeni karibu hamna. Kwa hiyo wa tatu alikuwa na ukweli nusu, mimea yako ina njaa. Ila haina njaa ya NPK ya punje. Konzi ya mtu mzima hufika gramu 40, na hiyo yote inaangukia kwenye lita 18 za vumbi kwa siku moja, halafu kimya wiki mbili. Tena haina kalsiamu ya kutegemewa, na naitrojeni yake nyingi ni ya amonia. Shambani bakteria wa udongo wangeibadilisha kuwa nitreti. Kwenye vumbi jipya bakteria hao ni wachache, na amonia ikizidi inashindana na kalsiamu mlangoni mwa mizizi.

Kwenye vumbi la makumbi, kulisha na kunywesha ni kitendo kimoja. Chakula hafifu, kila siku, kikiwa kimeyeyuka kwenye maji unayomwagilia. Kwa nyanya na hoho naanzia hapa, kwa lita 10 za maji: gramu 5 za NPK inayoyeyuka yote kwenye maji na yenye madini madogomadogo kama chuma na boroni, gramu 7 za kalsiamu nitreti, na gramu 4 za chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5, lakini mizani ndogo ya jikoni ni bora. Maua yakishashika matunda, chagua NPK yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni na upande mpaka gramu 8. Busta za kupulizia majani ni nyongeza, haziwezi kuwa mlo. Soma paketi: kama naitrojeni yote ni ya urea, iache kwa wenye udongo.

Tahadhari moja usiisahau. Kalsiamu nitreti usiichanganye na hizo nyengine zikiwa kavu au nzito. Kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti kwenye maji machache, zinagandana na kuzama kama chokaa chini ya kopo, na chakula kinakuwa mawe. Jaza ndoo maji kwanza, yeyusha kila kimoja kwenye kikombe chake, mimina kimoja, koroga, ndipo umimine kinachofuata.

Yote haya yanategemea maji ya kisima chako, na hapa nina wasiwasi. Visima vya mjini karibu na pwani vingi vina chumvi. Kuna kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvi kwenye maji, wanaolima bila udongo wanakiita mita ya EC. Ukipata wa kukuazima, pima maji matupu kabla ya kutia chochote. Kwa kipimo cha mS/cm, chini ya 0.7 ni maji mazuri. Kati ya 0.7 na 3 yanatumika kwa uangalifu, na kwa hoho mimi ningeanza kuyaogopa mapema. Zaidi ya 3, tafuta maji mengine, kwa sababu hakuna ufundi wa mbolea utakaoyaokoa. Ukishachanganya chakula, jumla iwe kati ya 1.5 na 2.5. Kisha pima yanayotoka chini ya ndoo. Yakizidi uliyomimina kwa mbali, chumvi inajilimbikiza, ongeza maji ya kutoka. Bila mita, onja maji ya kisima. Ulimi ukihisi chumvi hata kidogo, ni nyingi kwa hoho.

Maji ya mvua ndiyo bora, na masika na vuli yanapatikana bure kwa mwenye pipa na bati. Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo karibu hayana chumvi, yakinge na uyachanganye nusu kwa nusu na ya kisima. Kumbuka tu kwamba maji haya laini hayana kalsiamu yake mwenyewe, kwa hiyo kalsiamu nitreti usiiruke.

Mimea uliyonayo sasa ina njia mbili. Ya kwanza ni kuiokoa palepale. Kwangua ukoko mweupe pamoja na vumbi la juu, unene wa kidole, utupe. Asubuhi na mapema, pitisha maji yasiyo na chumvi taratibu, lita 40 kwa kila ndoo, yote yakitoka chini. Ni maji mengi, nakiri, na kwa ghorofa ya pili ni kazi ya mgongo. Ukimaliza, siku hiyohiyo mimina lita mbili mpaka tatu za mchanganyiko wa chakula nilioutaja, maana umeosha hata chakula kilichoyeyuka, na abiria walioketi kwenye viti bado wanangoja kuinuliwa na kalsiamu. Kesho yake endelea na utaratibu wa kila siku. Nyanya naona zitapona. Hoho zilizobakiwa na majani matatu manne sizitilii matumaini sana, na maji yakiwa haba ningezitoa, nikaosha vumbi lake vizuri kwenye pipa na kuanza na miche mipya.

Njia ya pili ni kuachana na utaratibu huu. Osha vumbi, lichanganye na mboji iliyoiva na udongo wa juu, sehemu sawa kila kimoja. Mchanganyiko huo utakusamehe ukisahau siku moja, hautadai chakula kila siku, na mbolea zake ni nafuu. Hasara yake ni uzito kwenye roshani, na magonjwa ya udongo yanaweza kuingia. Mtu anayesafiri mara kwa mara au asiye na maji ya uhakika, namshauri hivyo moja kwa moja. Vumbi tupu linampa mavuno mazuri mtu aliyepo nyumbani kila siku.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Mmea ukinyauka ghafla mchana huku vumbi limelowa na majani bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na chini, kitumbukize ncha kwenye bilauri ya maji safi na utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama moshi ukiteremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea, vumbi lake usilitumie tena, na uoshe mikono na kisu kabla ya kugusa ndoo nyengine. Majani mapya yakitoka madogo, ya manjano na yamejikunja juu kama kikombe, na nzi weupe wanaruka ukiyatikisa, hiyo inaelekea ni virusi, na si jambo la maji. Kwa yoyote kati ya haya, au umeosha na kulisha wiki tatu na majani mapya bado yanaungua, muone afisa kilimo wa wilaya au fika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kule Kizimbani. Wapelekee mmea mzima na mizizi yake kwenye mfuko, si jani moja, pamoja na maji ya kisima kwenye chupa safi uliyoisuuza kwa maji hayohayo.

Majani yaliyoungua hayatarudi kuwa kijani, na nyanya zenye kitako cheusi hazitapona. Zichume zote leo, hata mbichi, zisiendelee kuunyonya mmea. Baada ya hapo angalia majani mapya pale juu, na matunda yatakayoshika kuanzia wiki ya pili. Geuza moja uangalie kitako chake likiwa na ukubwa wa zabibu.